Timu Hupita, Uwanja Hubaki: Mashabiki, Siasa na Fedha za Viwanja kutoka Usinge hadi Tabora

Msimu wa 2023/24 uliwaletea watu wa reli ya kati neema ambayo hawakuwa wameizoea. Timu mbili za njia hiyo zilipanda Ligi Kuu Tanzania Bara kwa mkupuo: Mashujaa ya Kigoma, na Kitayosce, klabu yenye asili ya Kilimanjaro iliyohamia Tabora na muda mfupi baadaye ikaitwa Tabora United. Tabora, iliyokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19, ikaanza tena kupokea wageni wa mbali, safari hii Simba, Yanga na Azam pamoja na mashabiki wao.

Kati ya miji hiyo miwili, katika Wilaya ya Kaliua, ipo Usinge, kata yenye stesheni kwenye reli inayokwenda Kigoma, katika ukanda wa tumbaku na mpunga. Shabiki wa Usinge anayetaka kuiona Ligi Kuu kwa macho yake husafiri hadi Tabora au Kigoma. Asiye na nauli hulipa kiingilio kidogo kwenye kibanda umiza, akabanana na wenzake mbele ya televisheni. Kwa vyovyote, fedha yake imeingia kwenye mpira. Akinunua jezi ametoa tena, na kodi iliyomo ndani ya bidhaa na tiketi ameilipa pia. Kwa hiyo swali la nani agharamie uwanja, nani aumiliki na nani anufaike nao linamhusu mkulima wa Usinge sawasawa na diwani wa Tabora mjini.

Viwanja vya chama

Uwanja mkuu wa Tabora una jina la Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, aliyeongoza kuanzia 1985 hadi 1995. Mmiliki wake ni Chama Cha Mapinduzi. Ndivyo ilivyo kwa Lake Tanganyika wa Kigoma, CCM Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Kambarage wa Shinyanga, Majimaji wa Songea, Mkwakwani wa Tanga na Sheikh Amri Abeid wa Arusha. Majina hayo yamebeba historia ya nchi: vita ya Majimaji, Edward Sokoine, Mwalimu Nyerere, na Kaluta Amri Abeid, mshairi na waziri aliyezaliwa Ujiji, mwisho wa njia ya misafara.

Umiliki huu ni urithi wa mfumo wa chama kimoja. Tangu CCM ilipozaliwa Februari 5, 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP, mpaka kati ya chama na serikali ulikuwa hafifu. Chama kilishika hatamu. Mkoa ulipoamua kujenga uwanja, wananchi walichangishwa fedha, wafanyakazi walikatwa mishahara, na wengine walitoa nguvu zao. Hakuna aliyeona tofauti kubwa kati ya uwanja wa mkoa na uwanja wa chama cha mkoa huo.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, tofauti hiyo ikaanza kuonekana. Viwanja vilibaki mikononi mwa CCM, na vyama vya upinzani vimedai mara kwa mara kwamba mali iliyojengwa kwa jasho la wananchi wote irudishwe serikalini. CCM imeendelea kuvihesabu viwanja hivyo kuwa mali yake halali. Mbali na hoja ya haki, mvutano huu una athari ya kila siku. Halmashauri husita kumwaga fedha za umma kwenye jengo ambalo si lake, kwa kuwa mkaguzi atauliza. Chama nacho, chenye kazi nyingine nyingi, hakina daima fedha za kubadili nyasi, kukarabati vyumba vya wachezaji au kuweka taa. Bodi ya Ligi inapokagua na kukuta uwanja haufikii kiwango, huufungia, na timu hulazimika kuhamia mkoa mwingine. Hapo anayeumia ni shabiki, mama lishe wa nje ya geti na mwenye nyumba ya wageni.

Timu hupanda treni, uwanja haupandi

Tabora imewahi kuwa na timu kubwa kabla ya Tabora United. Milambo, iliyochukua jina la mtemi maarufu wa Unyamwezi, ilikuwa fahari ya mkoa katika miaka ya nyuma. Rhino Rangers, timu ya jeshi, ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 kisha ikashuka. Kitayosce nayo ilianza kwa shida: Agosti 2023, katika mchezo wake wa kwanza wa ligi dhidi ya Azam, ilishindwa kukamilisha kikosi kwa sababu ya matatizo ya usajili, na mchezo ukavunjika mapema. Novemba 2024 timu hiyo hiyo, sasa ikiwa Tabora United, iliifunga Yanga mabao 3-1 jijini Dar es Salaam. Kuanzia msimu wa 2025/26 imechukuliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuitwa TRA United.

Ndani ya miaka michache klabu moja imebadili mkoa, jina na mmiliki. Hakuna uhakika kwamba kesho haitahama tena. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wananchi na madiwani wanapaswa kulipima kabla ya kufungua mfuko: fedha iliyowekwa kwenye timu inaweza kuondoka na timu, lakini fedha iliyowekwa kwenye uwanja wa umma, wenye hati na wenye matunzo, inabaki kwa watoto wa mahali pale hata kama timu imeshuka daraja.

Fedha zinatoka wapi

Viwanja vya Afrika Mashariki vimejengwa kwa njia tofauti, na kila njia ina mwenyewe nyuma yake.

Ya kwanza ni serikali kuu. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, ulikamilika 2007 kwa fedha za serikali na msaada wa China. Baada ya CAF kuzipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON 2027, uamuzi uliotangazwa Septemba 27, 2023, Serikali ilianza kujenga uwanja mpya Arusha wenye uwezo wa kuchukua watu 30,000, kwa mkataba wa takribani shilingi bilioni 286. Zanzibar iliukarabati Uwanja wa Amaan na kuufungua upya Desemba 2023. Njia hii huleta majengo makubwa kwa haraka, lakini huyapeleka kwenye miji michache iliyochaguliwa kitaifa, na mikoa ya magharibi hubaki ikitazama.

Ya pili ni halmashauri. Manispaa ya Kinondoni ina uwanja wake Mwenge, KMC Complex, ambao klabu kubwa za Dar es Salaam zimewahi kuukodi kwa michezo ya ligi. Kaitaba ni wa Manispaa ya Bukoba na Nyamagana ni wa Jiji la Mwanza. Vyote viwili vilitandikwa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA. Ruangwa, wilaya ya vijijini mkoani Lindi, ina Uwanja wa Majaliwa unaotumiwa na Namungo. Ruangwa lilikuwa jimbo la Kassim Majaliwa alipokuwa Waziri Mkuu, na mfano huo unaonyesha kwamba wilaya ya wakulima inaweza kuwa na uwanja wa Ligi Kuu inapokuwa na msukumo wa kisiasa.

Ya tatu ni kampuni. Geita imejenga uwanja kwa fedha za wajibu wa mgodi wa dhahabu kwa jamii inayouzunguka. Azam wana wao Chamazi. Singida Black Stars ilifungua uwanja wake 2025 na kuupa jina la kampuni ya simu ya Airtel, yaani kuuza jina la uwanja kama tangazo. Kigali, ukumbi wa ndani uliofunguliwa 2019 kwa ajili ya mpira wa kikapu na burudani sasa unaitwa BK Arena, kwa jina la Benki ya Kigali.

Ya nne ni mkopo kutoka soko la mitaji. Kenya inajenga Uwanja wa Talanta jijini Nairobi, wa watu 60,000, kwa hatifungani ya shilingi bilioni 44.79 za Kenya iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025. Wawekezaji walitoa fedha mara moja, na watalipwa pamoja na riba kwa miaka 15 kutoka mfuko wa serikali wa michezo. Wanaoutetea mpango huo wanasema uwanja unapatikana bila kusubiri bajeti za miaka mingi. Wanaoukosoa wanauliza kama riba hiyo haitameza fedha za michezo mingine na za kaunti zisizo na uwanja wa maana.

Ya tano ni mashabiki wenyewe. Simba iliwahi kuwaomba wanachama na wapenzi wake wachangie ujenzi wa uwanja Bunju. Michango ya aina hii hutoa mwamko mkubwa mwanzoni, kisha hupungua, na huhitaji hesabu za wazi kila wakati. Mchangiaji asipoona tofali, hachangii tena.

Hesabu ya getini

Wengi huamini kwamba uwanja hujilipa kwa viingilio. Hesabu ya getini husema vingine. Tiketi ikishauzwa, kwanza hutoka kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kisha hukatwa gharama za tiketi na za mchezo, sehemu ya mwenye uwanja, na stahiki za vyombo vya soka. Kinachobaki ni cha timu mwenyeji, na ndicho kinachotarajiwa kulipia usafiri, kambi na posho.

Katika mkoa kama Tabora hesabu hiyo hutegemea mechi mbili za mwaka: siku Simba inapokuja na siku Yanga inapokuja. Siku hizo kiingilio hupanda, nyumba za wageni hujaa, bodaboda hazilali. Mechi nyingine nyingi huchezwa mbele ya majukwaa yenye nafasi. Tena mashabiki wa siku hizo mbili wengi huvaa jezi ya mgeni. Mtu aliyezaliwa Tabora, au aliyekuja kwa treni kutoka Kaliua, anaweza kuishangilia Yanga dhidi ya timu ya mkoa wake bila kuona ajabu, kwa sababu tawi la Yanga la mtaani kwake lina miaka mingi kuliko timu hiyo mpya. Kwa hiyo uwanja wa mkoa unaotegemea viingilio vya Ligi Kuu peke yake una mguu mmoja. Unaodumu ni ule unaotumika mwaka mzima kwa mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ligi za wilaya, mikutano, matamasha, riadha na mazoezi ya kukodi.

Wanasiasa na mpira

Mpira ni jukwaa la bei nafuu kwa mwanasiasa. Mwaka wa uchaguzi unapokaribia, vijijini huzuka makombe yenye majina ya diwani, mbunge au mgombea. Mshindi hupewa ng'ombe, wa pili mbuzi, na kila timu hupata jezi na mipira miwili. Vijana hufurahi, na si haki kuwalaumu, maana mara nyingi hiyo ndiyo michezo pekee yenye mpangilio wanayoipata. Tatizo ni kwamba ng'ombe huliwa jioni ileile, jezi huchakaa kwa msimu mmoja, na kiwanja hubaki na vichuguu vyake.

Kuna fedha za kudumu zaidi ambazo wananchi wanaweza kuziulizia. Mbunge husimamia kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Halmashauri ina mapato ya ndani, na katika wilaya za tumbaku kama Kaliua na Urambo sehemu muhimu yake ni ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Serikali nayo iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye nyasi bandia za viwanja vya mijini katika bajeti ya 2021/22, na kutenga sehemu ya kodi ya ubashiri wa matokeo ya michezo kwa ajili ya mfuko wa michezo. Kijana wa Usinge anayebashiri kwa simu anauchangia mfuko huo, hata kama hajui.

Ushindani wa fedha hizo ni mkali, na ni wa haki. Mbele ya diwani wapo wazazi wanaotaka darasa, zahanati inayosubiri kuezekwa na barabara inayokatika masika. Anayetetea uwanja hana budi kuonyesha kwamba mradi wake ni mdogo kiasi cha kubebeka, una faida kwa wengi, na hautageuka deni la matengenezo.

Funzo la ng'ambo

Marekani, ambako miji imetumia mabilioni ya dola kujenga viwanja vya klabu binafsi, kuna mfano wa pande mbili. Seattle, wapiga kura walipitisha mwaka 2006 sheria ya kuzuia ruzuku za jiji kwa klabu zisizorudisha faida. Timu ya kikapu ya SuperSonics ilipokosa ukumbi mpya iliouomba, ikahamia Oklahoma City mwaka 2008. Sacramento walichagua njia nyingine. Kings, timu ya kikapu ya jiji hilo, walipokaribia kuuzwa na kupelekwa Seattle mwaka 2013, mashabiki walijipanga, meya Kevin Johnson, aliyewahi kuwa mchezaji wa NBA, akatafuta wanunuzi wapya, na jiji likaahidi takribani dola milioni 255 kwa ukumbi uliofunguliwa 2016. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na hatifungani zinazolipwa kwa mapato ya maegesho ya magari. Wakazi waliotaka suala hilo lipigiwe kura walikusanya saini, lakini maombi yao yaligonga mwamba mahakamani.

Wachumi waliochunguza viwanja vya Marekani, wakiwemo Roger Noll na Andrew Zimbalist katika kitabu chao cha 1997, wamefikia hitimisho linalofanana: uwanja wa klabu hauleti kwa mji mapato mapya yanayolingana na ruzuku iliyotolewa, kwa sababu fedha ya burudani iliyotumika uwanjani ingetumika mahali pengine mjini hapohapo. Mji unaojenga ujue unanunua fahari, umoja na mahali pa vijana, vitu ambavyo vina thamani yake, na usidanganywe kwamba unanunua utajiri.

Jirani zaidi, Kampala ilishuhudia Nakivubo, uwanja wa kumbukumbu ya vita uliotumika tangu miaka ya 1920, ukibomolewa na kujengwa upya na mfanyabiashara Hamis Kiggundu, kisha kufunguliwa 2024 kwa jina la Hamz, ukiwa umezungukwa na maduka. Uwanja ni wa kisasa. Mjadala wa nani hasa anaimiliki ardhi ya umma iliyokabidhiwa mwekezaji haukuisha na ujenzi.

Kiwanja cha kata

Kwa mahali kama Usinge, suala si uwanja wa watu 30,000. Ni kiwanja kimoja cha kueleweka, chenye mita 105 kwa 68, kilichosawazishwa na kuwa na mwinuko mdogo katikati ili maji yatiririke pembeni. Greda ya halmashauri ikipatikana, siku chache zinatosha kung'oa visiki na vichuguu. Nyasi zinazofaa ni ukoka wa kawaida, unaopandwa vipande vipande mvua za Novemba zinapoanza, ili mizizi ishike kabla mvua hazijakatika Aprili au Mei. Kuanzia hapo adui ni kiangazi na mifugo. Bila kisima na tangi, kufikia Septemba uwanja ni vumbi tupu. Bila uzio wa waya au michongoma, ng'ombe wanaopitishwa kwenda malishoni huumaliza ukoka kabla haujatambaa. Magoli ya bomba la chuma hudumu miaka mingi, wakati ya miti huliwa na mchwa. Choo cha matundu machache, cha wanaume na cha wanawake, ndicho huwafanya wasichana na akina mama waje uwanjani na kukaa mpaka mwisho wa mchezo.

Kabla ya greda, hata hivyo, huja karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, lakini ugawaji wake unahitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mpango wa matumizi bora ya ardhi, unaoongozwa na Sheria Na. 6 ya 2007, unaweza kutenga eneo la michezo na kulizuia lisigawiwe vipande vya maduka na nyumba. Viwanja vingi vya wazi Tanzania vimepotea hivyo: havikuporwa kwa nguvu, viligawiwa kidogo kidogo kwa sababu havikuwa vimeandikwa popote. Ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, ambao mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, unafanya jambo hili liwe la haraka zaidi, maana ardhi ya kando ya stesheni hupanda bei.

Eneo likishapitishwa, mradi huingia kwenye vipaumbele vya kijiji, hupelekwa kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ya wilaya, ambako baraza la madiwani hupitisha bajeti kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1. Mashabiki wanaokuja na ombi mwezi Juni wamechelewa mwaka mzima. Wanaofanikiwa huanza mapema, huja na vipimo vya eneo, mchango wao wa mwanzo wa fedha au nguvu kazi, na kamati yenye vijana, wanawake, walimu na wafugaji ndani yake.

Kamati hiyo ina maswali ya kumuuliza mfadhili yeyote, awe mbunge, kampuni ya tumbaku au serikali. Hati ya uwanja itaandikwa kwa jina la nani? Nani atalipia maji na ukataji nyasi mwaka wa pili na wa tatu? Timu za shule na za wasichana zina siku zao kwenye ratiba? Mapato ya kukodisha yatawekwa akaunti gani, na yatasomwa lini mbele ya wananchi? Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni haki ya kila mkazi mtu mzima, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Majibu yakiandikwa kwenye muhtasari wa mkutano na kupigwa muhuri kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, kata inakuwa na kiwanja ambacho hakiwezi kuhama, kuuzwa wala kubadilishwa mwenyewe bila wananchi kujua.